Kikombe cha Bibi Mdogo

Treni kutoka Oslo hadi Bergen, huko Norwei, ilichukua karibu saa saba, na sina la kuisimulia maana nililala njia nzima. Nilipoamka mvua ilikuwa inanyesha, na siku zote nilizokaa kule haikukatika. Chumba kilikuwa chembamba, choo cha kuchangia, na bei yake ya usiku mmoja ni kodi yangu ya mwezi mzima Tanga. Kahawa nilikunywa mara moja tu. Nilipoona risiti, basi tena.

Siku ya pili, kwa kukimbia hiyo mvua, niliingia St. Jørgen, hospitali ya zamani ya wakoma ambayo sasa ni makumbusho. Nilidhani nitakaa nusu saa. Nilitoka wakati wanafunga.

Jengo ni la mbao, la karne ya 18. Katikati kuna ukumbi mrefu, kando yake vyumba vimepangana juu na chini, na kila kimoja walilala watu wawili. Nilisimama katika kimoja nikanyoosha mikono. Ilibaki kidogo iguse kuta zote mbili. Wagonjwa wawili wa mwisho walifariki mwaka 1946, wakiwa wamelazwa humo zaidi ya miaka 50.

Wengi walikuwa wakulima na wavuvi kutoka vijiji vya pwani ya magharibi. Kufikia miaka ya 1850 Norwei ilikuwa na wagonjwa karibu 3,000, na tangu 1856 serikali iliwaandika majina, mmoja mmoja. Daktari Danielssen, bingwa wa ugonjwa huo, alishikilia kwamba ukoma unarithiwa. Mkwe wake, Hansen, ndiye aliyeviona vijidudu vyake kwa hadubini mwaka 1873.

Ila huyo Hansen alinitia uchungu. Mwaka 1879, katika hospitali nyingine mjini humo, alimchoma mama mmoja jichoni kwa kisu chenye uchafu wa kidonda cha mgonjwa mwingine, ili aone kama ugonjwa utahama. Hakumwomba ruhusa. Mama yule alilalamika, kesi ikafika mahakamani, na mwaka 1880 daktari akaondolewa katika kazi yake ya hospitali, ingawa cheo cha kusimamia ukoma nchi nzima alibaki nacho. Mgonjwa maskini, mwanamke, alilalamika, na daktari mkubwa akashindwa mahakamani! Nilisoma maelezo yale mara tatu.

Halafu nikafika kwenye sheria. Ya 1877 ilikataza mgonjwa fukara kuzungushwa shamba hadi shamba, akilishwa na majirani kwa zamu. Ya 1885 ilisema mgonjwa atabaki kwao iwapo tu ana chumba chake peke yake na vyombo vyake vya kulia. Asipokuwa navyo, hospitali, hata kwa nguvu.

Vyombo vyake vya kulia. Hapo nilikaa kwenye benchi.

Bibi mdogo, nduguye bibi yangu mzaa mama, alikuwa na kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu uliobanduka. Kilitundikwa kwenye msumari nje ya jiko, peke yake. Vidole vyake vilikuwa vimekatika, alikishika kwa viganja viwili. Sisi watoto tulikatazwa kukigusa, hata kukisogeza. Hakuna aliyetueleza kwamba miili ya watu wengi haipati kabisa ugonjwa huo, wala kwamba mgonjwa akishaanza dawa mseto haambukizi tena, na dawa zenyewe ni bure. Kwetu hapakuwa na sheria. Msumari ulitosha.

Jioni nilimpigia mama, nikatumia salio lote.

"Shikamoo mama. Kile kikombe cha bibi mdogo kiliishia wapi?"

Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Marahaba mwanangu. Tulikitupa chooni, siku ileile tuliyomzika. Mimi ndiye niliyetumwa." Kisha akasema, "Nilikibeba kwa kijiti."