Kabla hujamkata udata, kapime masikio yake kwanza

Mwanangu alifikisha miaka miwili akiwa na maneno manne tu. Mama, dada (yaani dada wa kazi), nyonyo, na "bu" ambayo ilikua ni gari, bajaji, pikipiki, kila kitu chenye injini. Mtoto wa jirani mdogo kwake kwa miezi mitatu alikua anamwita mama yake "njoo huku" mi nasikia pale dirishani roho inaniuma kweli.

Na kila mtu alikua na lake. Mama mkwe akasema muacheni, watoto wa kiume huchelewa, baba yake mwenyewe alichelewa. Jirani akasema huyo ana udata, yaani kale kangozi ka chini ya ulimi kameubana, kuna mzee anakata vizuri tu. Mwalimu mmoja wa chekechea akaniambia mnamchanganya, bibi anamwongelesha Kinyakyusa nyie Kiswahili, chagueni lugha moja tena bora iwe Kiingereza. Nikakaa na hayo maneno miezi minne bila kwenda popote, na hiyo miezi minne inaniuma mpaka leo ndo maana naandika.

Kilichonishtua ni kitu kidogo. Nilikua jikoni nikamwita, kanipa mgongo, hajageuka. Nikaita tena, hola. Nikagonga sufuria akageuka. Hapo ndo nikaanza kuunganisha mambo, usiku anakoroma kama mtu mzima, analala mdomo wazi, mafua hayaishi, tv anaisogelea mpaka anaigusa. Tukaenda kwa dokta wa masikio, pua na koo akamwangalia akasema nyama za pua zimekua kubwa na nyuma ya ngoma za masikio yote mawili kuna maji. Alinielezea vizuri sana yule dokta, kwamba kuna kamrija kanatoka nyuma ya pua kwenda sikioni ka kupitisha hewa, zile nyama zikivimba kanaziba, maji yanatuama, na mtoto anakua anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye pipa la maji. Sio kiziwi. Sauti anaisikia ila zile herufi nyepesi, s, f, t, k, p, zinampita. Sasa we fikiria Kiswahili chetu, kata, pata, taka, kaka, yeye anapata a-a, a-a tu. Atajuaje ipi ni ipi?

Mara nyingi hayo maji yanaondoka yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi kwahiyo hakukimbilia kumpasua, tulipewa dawa ya pua na tarehe ya kurudi kuangalia tena. Akanyanyua na ulimi akaangalia, uko sawa kabisa. Na akaniambia hata mtoto mwenye udata kweli, unaweza kumsumbua kunyonya au kutamka herufi fulani, lakini haumnyimi maneno. Tafadhali sana, msimpeleke mtoto akakatwe na wembe mtaani, pale chini ya ulimi kuna mishipa ya damu.

Ila masikio hayakua yote. Nyumbani kwetu tv ilikua inawashwa asubuhi inazimwa usiku, katuni za Kiingereza, mtoto anaimba wani tuu srii lakini kiu ikimshika analia tu hawezi kusema maji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019 kwamba chini ya miaka 2 skrini hapana, kuanzia 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwetu tulizima wiki ya kwanza ikawa vita, wiki ya pili akasahau. Na kwa mtoto ambaye masikio yanasumbua ile kelele ya nyuma inamnyima hata kile kidogo alichokua anakipata.

Baadae tukampata mtaalamu wa usemi, ni wachache sana hapa nchini tulisubiri wiki kadhaa. Hakumfundisha mtoto kitu. Alikaa pembeni akaniangalia mimi nacheza nae kama dakika kumi, kisha akasema kwa upole, mama umemuuliza maswali mengi na hujamsubiri ajibu hata moja. Na ni kweli. Hii nini? Rangi gani? Sema ndizi, sema, sema ndizi. Huo ni mtihani sio maongezi. Akaniambia kaa chini macho yenu yalingane, angalia anachokiangalia yeye, kitaje, halafu nyamaza uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kumi ni ndefu jamani ukiwa unasubiri. Lakini mbona tunajua hili tangu utotoni, ukisema kitendawili huendelei mpaka mwenzio aseme tega.

Neno lake la kwanza jipya lilitoka kwenye maharage. Nilikua nachambua nae kwenye ungo, kila siku ile ile, hili zima weka, hili bovu tupa, sauti juu kidogo kwenye neno la mwisho. Siku ya nne au ya tano nikashika bovu nikasema "hili bovu..." nikanyamaza, namwangalia. Akaangalia maharage, akaniangalia mimi, "upa!" Nilitupa lile harage na machozi yananitoka. Basi jioni nzima ikawa upa, upa, mpaka mazima yakaenda.

Ukishapata neno moja unamrudishia na la pili. Akisema maji, we sema maji baridi, au mimina maji, basi, sio hotuba. Na akisema "taka maji" usimkatishe eti sema nataka. Watoto wa Kiswahili huanza hivyo, nilisoma kuhusu mtafiti Kamil Ud Deen aliyewarekodi watoto wa Nairobi akakuta wanadondosha vile viambishi vya mwanzo wa kitenzi, vinakuja vyenyewe baadae. We mrudishie likiwa zima tu, "eeh, unataka maji".

Kuhusu lugha mbili, bibi aendelee na Kinyakyusa chake. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, maneno yanahesabiwa ya kote kote, mi nilikua nahesabu Kiswahili peke yake kumbe kwa bibi alishakua anasema "daga", yaani ndaga, asante ya Kinyakyusa, akipewa kitu anashukuru kabisa, na hakuna aliyelihesabu.

Mtoto wako akiwa hageuki ukimwita, au ametimiza miaka miwili hajaunganisha maneno mawili, au alikua na maneno yakapotea, nenda. Yakipotea nenda wiki hiyo hiyo, usisikilize cha huchelewa.

Sasa hivi ana miaka miwili na miezi tisa, maneno niliacha kuyahesabu yalipovuka themanini. Juzi bibi yake amepiga simu kutoka Tukuyu, akaichukua mwenyewe akasema "kamoo bibi", kisha akatulia kimya na simu sikioni, anasubiri marahaba yake. Jumanne tunarudi kupima masikio, sikio la kushoto bado lina maji kidogo.