Kitaa chekundu cha mita

Umeme ulikata nikiwa na povu usoni. Haukuwa mgawo wala nguzo iliyoanguka. Luku iliisha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Julai, Njombe, napapasa taulo gizani huku shawa ikiendelea kunimwagia maji ya tenki kama yaliyolala kwenye friji.

Siku sita nyuma nilinunua umeme wa 10,000, uniti 28. Zimekwenda wapi? Mume wangu alikuwa na jibu tayari: ile hita ya kuchovya kwenye ndoo, "hiyo ndiyo inayokula." Akaitoa bafuni, akaificha juu ya kabati. Nikanyamaza, maana mimi ni mwalimu wa fizikia na sikutaka kubishana bila ushahidi.

Niseme kwanza kwamba mimi mzaliwa wa Pangani. Kwetu maji ya moto ni ya mzazi aliyejifungua, au mgonjwa. Nilipopangiwa kufundisha huku nilijikaza na maji baridi kwa wiki mbili, nikasalimu amri. Tulipopata nyumba yetu tukafunga shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo kwa papo yakiwa yanapita. Ubavuni imeandikwa wati 5,500. Nani husoma ubavu wa shawa?

Jioni ile binti yangu alipoingia kuoga, nikaenda kusimama mbele ya mita. Ilisoma uniti 31.4, maana nilikuwa nimeongeza umeme mchana. Mita yetu ina kitaa chekundu, na kila kikipepesa mara 1,000 ni uniti moja imekwenda. Kilikuwa kinapepesa kivivu, kope moja, kimya, kope nyingine. Mara nikasikia bomba limefunguliwa. Kitaa kikachachamaa: mapepeso matatu kila sekunde mbili, hakipumui. Ndani mtoto anaimba. Aliimba dakika 17. Alipofunga maji, mita ilisoma 29.8.

Uniti 1.6. Kwa bei tunayolipa, kama shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha na kodi, mwanangu alikuwa ameoga shilingi 570. Tupo wanne. Hata kila mmoja akijibana kwa dakika kumi, ni uniti 110 kwa mwezi, karibu 39,000, na hapo hatujapiga pasi. Zamani tulikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 za kwanza kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Shawa peke yake ilitosha kututoa humo.

Sasa turudi kwenye hita iliyofungwa gerezani juu ya kabati. Niliazima kipimajoto cha maabara, maji ya tenki alfajiri yakasoma nyuzi 14. Kuyafikisha nyuzi 40 kwenye ndoo ya lita 15 kunahitaji kama uniti 0.45, shilingi 160. Shawa kwa dakika kumi inamwaga lita 30, kwa hiyo inakula mara mbili. Ndivyo ilivyo: vyote viwili vinageuza umeme kuwa joto bila kupoteza kitu cha maana, hakuna mwizi na mwaminifu hapo. Kinachotofautiana ni maji uliyoyapasha. Ndoo ina kikomo, ukimaliza kata ya mwisho umemaliza. Shawa haina mwisho hadi wewe uwe na aibu. (Ukisahau hita kwenye ndoo hadi maji yachemke, hilo ni lako. Na usitie mkono kwenye maji kabla ya kuichomoa ukutani, tafadhali.)

Mama mkwe wangu alicheka sana kusikia hesabu hizi. Yeye akishapika ugali jioni, sufuria ya maji inapanda jikoni juu ya makaa ya mabanzi yaliyobaki, anaoga na kulala. Ila mabanzi yake ni ya jirani mwenye mashine ya mbao. Mimi yangu ningeyanunua.

Tumeafikiana hivi: siku za shule ni ndoo, hita imeshushwa kabatini kwa heshima zote. Jumapili ni shawa, dakika saba kila mtu, na mume wangu anashika saa. Zamu yangu ikifika namtuma dukani.