Mlingoti wa Jumanne

Siku yangu ya mapumziko ni Jumanne. Watu wote ninaowajua hapa Columbus, Marekani, siku hiyo wako kazini, ndiyo maana mlingoti wa mashua yangu nausimamisha peke yangu. Si ushujaa, ni ratiba tu.

Mashua yenyewe ni Catalina 22, mashua ndogo ya tanga, ya mtumba, na umri wake haupishani sana na wangu. Hukaa juu ya trela nyuma ya nyumba, na nikipata hamu ya maji naivuta hadi ziwa la Alum Creek, kaskazini ya mji. Mlingoti ni bomba la aluminiamu la mita saba na nusu hivi, na njiani hulazwa, ncha ikachomoza nyuma ya tezi (mwisho wa mashua) na kitambaa chekundu nimekifunga. Kwetu Wete, Pemba, sikuwahi kuona mtu anasimamisha mlingoti kila akitaka kutoka. Wa jahazi ukishakaa, umekaa. Kinachopanda na kushuka ni foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lake.

Mwaka wa kwanza nilitumia bega. Kitako cha mlingoti nakitia pini kwenye bawaba iliyo juu ya paa la chumba, kisha nasimama nyuma, nauinua begani, natembea nao kuelekea omo, mbele ya mashua, huku nikipanda paa. Uzito wake unabebeka. Basi siku moja nimefika katikati, mguu mmoja juu ya paa na mwingine bado uko chini, waya wa pembeni unaoshikilia mlingoti, upande wa kulia, ukanasa kwenye winchi. Mlingoti haupandi. Kuurudisha siwezi, kwa sababu nyuma sioni pa kukanyaga. Kuuachia ndiyo kabisa. Nikabaki hivyo, mikono juu, ncha inayumba huku na huku, jasho linaniingia machoni, mpaka akatokea mzee mmoja na ndoo yake ya chambo. Akauliza kama nahitaji msaada. Waya aliunasua kwa kidole kimoja.

Nilipofika nyumbani nikampigia ami yangu, fundi wa mashua. Kwao ilikuwa baada ya Isha.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba. Haya, hebu nionyeshe hicho kijiti chako."

Nikazungusha simu aone. Akacheka sana, halafu akasema, "Huu hauna uzito. Kizito ni ulalo wake. Ukifunga kamba ukaivuta toka omo, kamba imelala na mlingoti umelala, utavuta mpaka Idi. Tafuta mti, usimamishe pale kwenye kitako, kamba ipite juu yake."

Mti wangu ni bomba la futi sita. Mguu wake unakaa mbele ya kitako cha mlingoti, lenyewe limesimama wima. Kutoka ncha yake, kamba moja inakwenda hadi sehemu ya juu ya mlingoti uliolala. Nyingine ni ile ya demani, kamba ya kuongozea tanga, pamoja na kapi zake, niliyoifungua kwenye tanga kubwa. Hiyo inashuka hadi omo, na mkia wake unarudi nyuma nilipo. Nikivuta, bomba linalala kuelekea omo na mlingoti unaamka.

Mara ya kwanza bomba lilikwenda ubavuni, likachubua rangi ya paa. Nyaya za pembeni za mashua hazisaidii hatua hii: miguu yake iko chini ya usawa wa bawaba, kwa hiyo mlingoti ukiwa umelala zinalegea, zinakuja kukaza ukikaribia kusimama. Nikaongeza kamba nne fupi, mbili za mlingoti na mbili za bomba, zote nikazifunga kwenye pete zilizo sawasawa na pini ya bawaba, kulia na kushoto. Urefu wake haubadiliki toka mwanzo hadi mwisho, na kuyumba kumekwisha.

Ila ninachokipenda zaidi ni kile kishikizo cha meno kwenye kapi. Nikiacha kuvuta, kamba inaumwa palepale. Mlingoti unabaki nusu njia, nami nazunguka taratibu, natazama nyaya, nanyoosha vile vikazio vya skrubu ambavyo vikisimama vibaya hupinda, nakunywa maji, narudi kuvuta.

Kabla ya yote hayo natazama juu. Aluminiamu na waya wa umeme havina mzaha, na hata kama jana hapakuwa na waya mahali hapo natazama tena.

Jumanne iliyopita nilitumia dakika kumi na mbili, pamoja na kufunga waya wa omo na kutia pini zake. Nikapiga picha, nikamtumia ami. Jibu lilikuja nikiwa tayari nimeshaingiza trela majini.

"Mbona hauinami mbele kama wa jahazi? Umesimama kama nguzo ya umeme."