Karafuu ya Mama na Jino Linalouma

Nyumbani kwetu Ujiji, mama huweka karafuu katika kikopo cha bati pamoja na iliki na mdalasini, na mtu akiumwa jino usiku humchagulia moja yenye kichwa kizima, baada ya kuibonyeza kwa ukucha ili kuona kama bado inatoa mafuta. Naikumbuka vyema ladha yake: kwanza ulimi unawaka, kisha ufizi unakufa ganzi polepole.

Kinachofanya kazi hiyo ni yujenoli, sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ambayo hutuliza maumivu na pia huharibu utando wa seli za bakteria, wakiwemo Streptococcus mutans, wanaogeuza sukari kuwa asidi inayomomonyoa meno. Madaktari wa meno nao huichanganya na oksidi ya zinki kupata saruji ya kuziba jino kwa muda.

Kitunguu saumu nacho kina nguvu, ila si kikiwa kizima, kwa kuwa alisini, kemikali yake inayoua bakteria, hutokea pale tu punje inapopondwa au kukatwa. Hata hivyo, siafiki hata kidogo desturi ya kubandika kipande kibichi kwenye ufizi usiku kucha. Huunguza ngozi laini ya kinywa, na nimewahi kuona kidonda chake, cheupe katikati na chekundu pembeni.

Karafuu haizibi tundu. Ndiyo maana mama, akishampa mgonjwa ile punje usiku, asubuhi humhimiza aende hospitali kabla hajanywa hata chai.