Wajane Baada ya Matanga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tangu tulipomzika mzee wetu juma hili, Yakobo 1:27, neno la kuwatazama yatima na wajane, haijaniacha, kwa maana mjane wake ameshaanza kudaiwa kodi ya nyumba hata kabla matanga hayajaanuliwa. Katika kulitafakari neno hilo nimemkumbuka Kathleen Clarke, aliyezaliwa Limerick, Ireland, mwaka 1878 katika ukoo wa Daly, watu waliopigania jamhuri hata ndugu wa baba yake, John Daly, akakaa miaka 12 katika magereza ya Uingereza.

Baada ya Maasi ya Pasaka ya 1916, Waireland walipoinuka dhidi ya utawala wa Uingereza, Kathleen aliitwa usiku katika gereza la Kilmainham, Dublin, aagane na mumewe, Tom Clarke, mmoja wa viongozi wa maasi hayo, aliyeuawa kwa kupigwa risasi alfajiri ya tarehe 3 Mei. Usiku uliofuata akaitwa tena, safari hii kumuaga Ned, aliyehukumiwa kifo naye, mdogo wake wa miaka 25, ndugu pekee wa kiume aliyekuwa naye. Alikuwa mjamzito wala hakumwambia mumewe, asije akamwongezea uchungu. Na mimba hiyo nayo iliharibika baadaye. Hata hivyo, akiwa katika msiba huohuo, alizichukua fedha alizokabidhiwa na chama cha siri cha mumewe, akaanzisha mfuko wa kuwatunza wajane, yatima na jamaa za wafungwa. (Habari ya bunduki zao namwachia Mungu, aliye Mwamuzi.)

Sisi je, wapendwa? Tunajua kuchangia jeneza, turubai na sufuria za pilau. Majina ya waliotoa husomwa kwa kipaza sauti, na aliyetoa nyingi hupigiwa makofi. Lakini Yakobo anatutuma kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na dhiki hiyo hukomaa mwezi wa tatu, ada ya shule inapodaiwa na mashemeji wanapoanza kuulizia hati ya kiwanja. Wakati huo hatuonekani, nasi tungali tunaimba kwa sauti kubwa kila Jumapili.

Mwaka 1917 Kathleen aliunga mkono Michael Collins, mpigania uhuru kijana, awe katibu wa mfuko ule, kwa kuwa kazi hiyo ilihitaji mtu wa kushika daftari kila siku. Kanisa letu lina mhasibu wa ujenzi na katibu wa kwaya, ila wajane hawana mtu. Naomba kikao cha wazee kimteue mmoja, na jambo hilo litangulie ajenda ya vigae vya madhabahu.