Buffalo, kwa meya aliyekataa zabuni

Basi la kutoka New York lilichelewa, ndani baridi kama jokofu, na teksi ya kituoni ikanitoza dola 30 kwa mwendo ambao Tanga bodaboda angeupeleka kwa buku. Nilifika mbele ya jengo la jiji la Buffalo, ghorofa 32, nikiwa nimenuna.

Pale uwanjani pana sanamu ya Grover Cleveland, aliyekuwa meya wa hapa kisha rais wa Marekani. Nikawa namlalamikia dada yangu kwenye simu, mara mzee mmoja mfagizi akageuka: "Yambo, dada! Unasema Kiswahili?" Mtu wa Uvira. Wakongomani wamejaa mji huu.

"Ule mutu," akasema akiinyooshea sanamu fagio, "alinyonga watu na mukono yake."

Nikajua utani. Wapi! Cleveland hakusoma chuo cha sheria; alijifunzia ofisini kwa mawakili, akaapishwa 1859. Mwaka 1870 wakamchagua sherifu, yaani mkuu wa usalama, wa kaunti ya Erie, ambamo Buffalo imo. Mtu anapohukumiwa kitanzi, sherifu aliweza kumpa naibu wake dola 10 aifanye kazi ile. Yeye akaona kumtwika mwenzake si haki, akanyonga mwenyewe: mmoja 1872, wa pili 1873. Mzee aliniigizia, mkono umeshika fagio kama nyenzo, akavuta kwa nguvu hadi njiwa wakaruka.

Mimi kilichonikaa ni umeya. Mwaka 1882 madiwani walipitisha zabuni ya kufagia barabara kwa dola 422,500, na yupo aliyeomba 313,500. Cha juu dola 109,000! Cleveland akaikataa kwa barua, akiiita hila isiyo na haya ya kuwasaliti wananchi. Madiwani wakarudi nyuma, kazi akapewa wa bei ya chini. Mwaka uliofuata jamaa alikuwa gavana wa jimbo la New York, na 1885 akaingia Ikulu.

Nikaukumbuka mtaro wa mbele ya nyumba ya mama. Kila masika unafurika, kila masika tunaitwa kikaoni, na wenye kuinuka kusema ni walewale. Bei ya kuuzibua hatujawahi kusomewa. Nani aulize? Ukiuliza unaambiwa una chuki na maendeleo.

Mzee akamaliza zamu, akanikaribisha kwake kwa ugali na sombe, kisamvu cha Kikongo. Chumvi ilizidi kidogo, ila kwa bei za mgahawa wa hoteli yangu, niliongeza sahani ya pili bila kubembelezwa.