Eriali ya Bibi

Jumapili nilikuwa nasukuma chapati, nikageuka kuchukua unga, kurudi nakuta madonge yangu yote yana vishimo. Vidogo, mviringo, safi kama vimepigwa na mashine. Binti yangu kashika kile kijibomba cha shaba chenye mpini wa mpingo, kakitoa kwenye kopo la vifungo.

"Baba, hiki ni cha kutobolea nini?"

Nikamwambia ni cha kukatia sigara. Akacheka. Mzee wa duka la kona anavuta tangu asubuhi hadi usiku, hajawahi kumwona akikata kitu.

Basi. Mwishoni mwa 2012, na hali ya Mtwara wakati ule mnaijua: gesi, gesi, gesi. Wenye nyumba wanatoa wapangaji wapake rangi waandike "Loji". Mimi nilikuwa nahudumia nyumba moja ya wageni kule Shangani, na chumba namba nne alikaa mzungu wa Scotland, mtu wa meli za kuchimba, mpole, anayevuta siga. Si sigara hizi zetu. Zile nene za kahawia, jani juu ya jani, anazitunza kwenye sanduku la mbao kama vito. Kikatio chake walikuwa wamemnyang'anya njiani, kwenye uwanja mmoja wa ndege, kwa kuwa kina makali. Akawa anazing'ata kwa meno na kutema vipande, uso umemkunjamana. Siku moja akaniambia nikimpatia kikatio atanipa elfu hamsini. Akanipa na siga mbili za kujaribia.

Elfu hamsini! Nikajibu kipo, nitamletea kesho kutwa. Hakikuwepo.

Siga inakuja imezibwa upande wa mdomoni. Kipande cha jani kimegundishwa pale kama kikofia. Lazima ufungue, ila ukikata chini ya kikofia jani la nje linafumuka lote, na ukitumia kisu butu linachanika. Mimi nikajiona nina akili. Mama alibangua korosho miaka mingi kwenye ile mashine ya mkono, visu viwili vinakutana, ganda linapasuka, kiini kinatoka kizima. Nikasema siga ni korosho tu. Nikavunja wembe katikati, nikabana vipande viwili kwenye bati la kopo la maziwa nililolitoboa kwa msumari. Nikaingiza siga ya kwanza, nikakandamiza. Wembe ni mwembamba, ukapinda. Siga ikabonyea, halafu ikafunguka kama gunia la dagaa lililokatika kamba.

Bibi alikuwa kwenye mkeka na kopo lake la ugoro, ananitazama.

"Mume wangu, huyo mzungu meno yake yako wapi?"

"Anayo, Bibi."

"Sasa?"

Sikuwa na jibu. Akavuta ugoro wake, akapiga chafya mbili, akaenda kuswali.

Redio ilibaki pale dirishani. Ile National ya betri, mnaoijua nyumba yetu ya Chikongola mnaikumbuka, eriali yake imetoka nje ya nondo kama fimbo ya mvuvi. Niliitazama kwa muda. Kile kipande cha chini kabisa, kinene kuliko vyote, upana wake ni kama penseli. Bomba tayari.

Niliikata kwa msumeno wa chuma, pole pole isipige kelele, kitambaa kimeviringishwa chini. Ulipozama msumeno, weupe wa juu ukaisha na njano ya shaba ikatokea. Nikakata urefu wa kidole kidogo. Halafu kazi yenyewe: ukinoa kwa nje, makali yanasukuma jani, unatakiwa unoe kwa ndani. Sikuwa na tupa nyembamba kiasi hicho. Nikaviringisha msasa kwenye spoku ya baiskeli nikakaa kwenye kizingiti, nazungusha, napuliza vumbi, najaribu kwenye ukucha wa dole gumba, nazungusha tena. Adhana ya alasiri ikapita, ya magharibi ikapita. Mpini niliuokota kwa jirani mchonga vinyago, kipande cha mpingo alichokuwa anakitupa motoni. Kifuniko cha makali kikatoka kwenye kisigino cha kandambili.

Siga ya pili niliishika mkono ukitetemeka. Nikaweka bomba katikati ya kikofia, nikakandamiza kidogo sana, nikazungusha kushoto, kulia, kushoto. Sikusikia kitu. Nilipovuta, pale juu palikuwa na tundu, ukingo wake hauna hata uzi mmoja uliochanika, na kidonge cha tumbaku kimekwama ndani ya bomba. Nikakisukuma kwa spoku. Kikaangukia kiganjani, duara kamili. Harufu yake ilikuwa kama ya zabibu na stoo ya zamani. Hadi leo sijawahi kutengeneza kitu kingine kikatoka vizuri namna ile.

Mzungu alilipa. Nikanunua simu ya tochi.

Eriali mpya kwa fundi ilikuwa elfu mbili. Nilikuwa naiahirisha. Jioni Bibi alipotaka kusikia matangazo ya vifo kwenye FM, redio ilikoroma tu, mpaka alipogundua kwamba akigusa kile kisiki kwa dole gumba sauti inarudi. Basi akawa anakaa hivyo, kidole juu ya kisiki, anasikiliza nani kafa Newala, nani kafa Tandahimba. Hakuniuliza kitu. Mwaka uliofuata, baada ya zile vurugu za Mei za kupinga bomba la gesi kwenda Dar, mzungu akahamishwa na kikatio nikakikuta kwenye droo ya chumba namba nne. Ndipo nikanunua eriali. Ikawa nene, haikuingia. Bibi akaifanya ya kujikunia mgongo.

Haya yote nilimsimulia binti yangu huku nakanda upya yale madonge. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Kwani Bibi alijua ni wewe?"

Nikamwambia asogee, mafuta yanaruka.